Duluth na Superior: namna ya kuitembea miji miwili ya ziwani ukiwa mtu wa Mwanza

Tangu nirudi nimeulizwa hili swali mpaka nimechoka kurekodi voisi, kwa hiyo naandika mara moja tu, ukiniuliza tena nakutumia hii. Swali ni kwamba ukipata bahati ya kwenda Marekani upande ule wa kati juu kabisa, Minnesota huko, uangalie nini. Wengi wakifika wanaishia Minneapolis, wanapelekwa kwenye mol kubwa, wanapiga picha kwenye ngazi za umeme, wanarudi. Mi nasema kama we ni mtu wa ziwa, umekulia Kirumba au Igombe au Nansio huko, panda basi uende Duluth. Na ukiwa Duluth vuka daraja uende Superior, maana ni miji miwili iliyokaa pua kwa pua kwenye kona moja ya ziwa, Duluth iko jimbo la Minnesota na Superior iko Wisconsin, yaani chukulia Nyamagana na Ilemela tu ila hawa wanataniana zaidi.

Shuleni wote tulikariri Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa ukubwa kwenye maziwa ya maji baridi, tukapiga makofi tukakaa, hakuna aliyeuliza la kwanza ni lipi. La kwanza ndo hilo, Ziwa Superior. Letu lina kama kilomita za mraba 68,800, lao kama 82,100. Kwenye eneo hawajatuacha sana, wanapotuacha ni kina, maana letu pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kitu, lao ni mita 406. Wenyeji wa asili wa pale, Waojibwe, wanaliita Gichigami, maana yake bahari kubwa. Ukisimama pale ufukweni huoni ng'ambo, unaona maji yanaenda mpaka yanagusana na mbingu, sawasawa na ukiangalia kaskazini kutokea Ukerewe.

Mi nilikaa karibu miezi mitatu, kuanzia mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Julai, kwa mdogo wangu anayesoma chuo kikuu pale Duluth. Mjomba wangu wa Ukerewe, mvuvi mstaafu, wakati naaga wengine wote waliniagiza viatu na simu, yeye akaniagiza kitu kimoja, "kaangalie meli zao uje uniambie." Kwa hiyo safari yangu nzima niliipanga kwa meli, na nakushauri na we ufanye hivohivo.

Kufika

Mambo ya viza sigusi, yanabadilika kila siku, nenda ubalozini ukaulize wenyewe. Njia niliyopita mimi ni Mwanza Dar, Dar Amsterdam, alafu Amsterdam moja kwa moja mpaka Minneapolis. Kutoka Minneapolis mpaka Duluth ni kama kilomita 250 kwa lami, ni Mwanza kwenda Musoma na kidogo, basi la Jefferson Lines linakupeleka, ukiwa na gari ni masaa mawili na nusu. Ndege ndogo zipo pia ila usipoteze hela, kaa dirishani kwenye basi, maana kuna sehemu barabara inafika juu ya kilima alafu ghafla ziwa lote linafunguka chini yako, na mji umening'inia kwenye mteremko wa mawe mpaka majini. Mi niliita kwa sauti, "he, Mwanza hii!" Mzungu wa pembeni akatoa hedifoni akaniangalia.

Mabasi ya mji ni ya shirika moja linaitwa DTA na yanavuka mpaka Superior, kwa hiyo bila gari unaweza kufanya karibu kila kitu cha mjini. Ukitaka maporomoko na mnara wa Split Rock ntakaokuambia hapo chini, tafuta mwenye gari. Kuvuka jimbo kwa jimbo hamna anayekuuliza kitambulisho, sio kama Sirari, unaona kibao tu kimeandikwa karibu Wisconsin na ushafika. Na kama una nguo za kununua nunua kabla hujavuka, Minnesota nguo za kawaida hazina kodi ya mauzo, Wisconsin zinayo.

Nguo ndo somo la kwanza

Hapa nilichemka mwenyewe. Mdogo wangu anakaa juu kilimani karibu na chuo. Siku ya kwanza nzuri ya mwezi wa sita, jua kali, nyuzi kama 26, nikavaa tisheti na sendozi nikashuka kwa mguu kwenda ziwani. Ni mwendo wa kama nusu saa. Kila mtaa ninaoshuka nahisi kama mtu kafungua friji. Nafika chini nakuta ukungu mweupe umetoka ziwani, watu wamevaa majaketi na kofia za sufi wanakula aiskrimu, mimi meno yanagongana, nikaingia duka la kwanza nikanunua jaketi lenye picha ya swala mkubwa wa kwao kwa bei ambayo sitaitaja maana mke wangu anasoma. Baadae nikaja kusikia kumbe hata kwenye utabiri wa hewa wana msemo wao kabisa, kwamba karibu na ziwa ni baridi zaidi. Kwa hiyo kanuni ni hii, hata kama juu kunawaka, beba jaketi.

Wakati mzuri kwenda ni Agosti na Septemba. Mwisho wa Septemba kuingia Oktoba majani ya miti yanageuka mekundu na njano kilima kizima. Mwezi wa sita una faida yake, saa tatu usiku ndo jua linazama, na saa kumi na moja na robo alfajiri lishatoka. Sisi huku jua linazama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, ukifika kule mwili unagoma kabisa kulala, mi wiki ya kwanza nilikuwa nakula chakula cha usiku mchana. Na Januari mpaka Machi usiende kama unafuata meli, kuanzia katikati ya Januari mpaka kama tarehe 25 Machi milango ya maji ya Soo inayounganisha ziwa na maziwa mengine inafungwa na meli kubwa zinalala bandarini.

Meli, na lile daraja

Sasa hii sehemu ndo nataka usome taratibu. Nenda mtaa unaitwa Canal Park, pale chini kabisa ziwani. Kuna mfereji ulichimbwa miaka ya 1870 na 1871 kukata ulimi wa mchanga ili meli ziingie bandarini upande wa Duluth, maana kabla ya hapo mlango wa asili ulikuwa upande wa Superior, na hapo ndo chanzo cha utani wao mpaka leo. Mfereji una upana kama wa mita 90. Juu yake kuna daraja la chuma, Aerial Lift Bridge, lilijengwa 1905, enzi hizo lilikuwa na kichumba kinaning'inia kinavusha watu na mikokoteni kama kivuko cha hewani, alafu 1929 mpaka 1930 wakalibadilisha, saivi barabara yenyewe ndo inapanda. Yaani kipande kizima cha barabara kama mita 118 kinanyanyuka juu kimelala vilevile, kama lifti, zaidi ya mita 40, kwa muda wa kama dakika moja.

Usiende tu ukasimama. Kwanza angalia ratiba ya meli, ipo kwenye jumba la makumbusho la meli lililo hapohapo pembeni ya mfereji, Lake Superior Maritime Visitor Center, kuingia bure, au weka apu ya MarineTraffic kwenye simu uone meli iko wapi na inakuja upande gani. Ratiba inabadilika, meli sio treni, ikisema saa tisa fika saa nane na nusu. Alafu kasimame kwenye ukingo wa zege upande wa ziwani, karibu na taa.

Ya kwanza niliyoiona mimi ilianza kama kidoti kweusi, nikadhani ni kisiwa sijakiona jana. Baada ya robo saa kidoti kikawa jengo. Hizi meli zao ndefu zinafika futi elfu moja, mita 305, iliyo ndefu kuliko zote inaitwa Paul R. Tregurtha ni mita 309. Mv Mwanza yetu mpya tunayojivunia ni mita 92 na kitu, kwa hiyo chukua Mv Mwanza tatu uzipange mstari bado mkia unabaki. Na upana ni mita 32, kwenye mfereji wa mita 90, kwa hiyo kila upande inabaki kama mita 30 tu, mtu wa juu kwenye meli unamuona mpaka rangi ya kikombe chake. Honi ikapiga, moja ndefu mbili fupi, kifua changu kikatetemeka kama nimekaa mbele ya spika harusini, na daraja likajibu hivohivo, moja ndefu mbili fupi. Watoto wanapunga mikono, mabaharia wanapunga. Alafu inapita na inapita na haiishi, ukuta wa chuma wenye kutu nyekundu, maji yanavutwa kutoka ukingoni yanarudi, na ilipomaliza kupita nikagundua sijapiga picha hata moja. Niliyomtumia mjomba ilikuwa ya pili, siku iliyofuata.

Zinabeba nini? Zaidi ni madini ya chuma kutoka milima ya Mesabi, yanasagwa na kuokwa yanakuwa vidonge vidogo vya duara kama gololi, utaviona vimemwagika pembeni ya reli, na makaa na nafaka. Hizo za futi elfu hazitoki nje ya maziwa, haziwezi kupita milango midogo ya mbele, ila meli nyingine zinakuja na kwenda mpaka Atlantiki kwa njia ya St. Lawrence iliyofunguliwa 1959, kama kilomita 3,700. Bandari ya baharini katikati ya nchi kavu, fikiria meli itoke Ulaya ije ipaki Mwanza Kusini.

Onyo moja. Ukivuka daraja kwenda upande wa pili, Park Point, hesabu muda wa kurudi, maana meli ikija barabara inapanda na we unabaki kule mpaka ipite. Wenyeji wana neno lao kabisa la kushikwa na daraja. Mi nilishikwa siku nina basi la kuwahi, na dereva wala hakusubiri, nikapanda kilima chote kwa mguu.

Hapohapo Canal Park kuna meli ya makumbusho William A. Irvin, mita 186, ilifanya kazi kuanzia 1938 mpaka 1978, unalipa unaingia mpaka chumba cha injini. Kama una hela ya kulipia kitu kimoja tu Duluth nzima lipia hii. Vyumba vya wageni wa matajiri mbele vimepigwa mbao nyororo, vya mabaharia nyuma ni vitanda vya chuma, kasafiri Mv Victoria alafu uniambie kama hujawahi kuona mgawanyo huo.

Ziwa lao nalo limekula watu. Tarehe 28 Novemba 1905 meli inaitwa Mataafa ilikuwa inajaribu kuingia kwenye mfereji huohuo wakati wa dhoruba, ikagonga ukingo ikakatika, na watu wa mji wamejaa ufukweni wanaiona, wamewasha mioto usiku kucha, hakuna aliyeweza kuifikia, asubuhi wakakuta mabaharia 9 wamekufa kwa kuganda. Na tarehe 9 Novemba 1975 meli Edmund Fitzgerald ilipakia madini upande wa Superior, kesho yake jioni ikazama na watu wote 29, hakuna mwili uliopatikana. Nilikuwa nasoma hayo ukutani mle makumbusho nikamkumbuka mama yangu mdogo, maana sisi wa Mwanza ukisema tarehe 21 Mei 1996 huna haja ya kumalizia sentensi. Mzee mmoja anayejitolea pale akaniuliza natoka wapi, nikamwambia kuhusu Mv Bukoba, watu zaidi ya 800, karibu kabisa na nyumbani. Akavua kofia. Hakusema kitu, akavua kofia tu akaishika mkononi mpaka nilipomaliza.

Vingine vya Duluth

Kutoka Canal Park kuna njia ya miguu inafuata ziwa, Lakewalk, zaidi ya kilomita 10, tembea kadri miguu inavyotaka, utapita bustani ya maua ya waridi. Bure. Mnara wa Enger uko juu kilimani, wa mawe ya buluu, ulifunguliwa 1939 na mtoto wa mfalme wa Norwe, panda ngazi ghorofa tano uone miji yote miwili na bandari na daraja kwa mpigo mmoja, nao bure, nenda jioni. Ukiwa huko Septemba kuna sehemu inaitwa Hawk Ridge, mwewe wanahama kutoka kaskazini wanaogopa kuvuka ziwa kwa hiyo wanalifuata ukingoni, siku nzuri wanapita maelfu kwa maelfu. Sikuwahi muda huo, mdogo wangu ananitumia video kunikomesha.

Kuna sehemu moja hawatakuambia kwenye vipeperushi vya hoteli ila mi nakuambia uende, na uende mwenyewe bila haraka. Kona ya First Street na Second Avenue East, kupanda kidogo kutoka ziwani. Tarehe 15 Juni 1920 vijana watatu weusi waliokuwa wafanyakazi wa sarakasi iliyopita mjini, Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, walisingiziwa kumbaka msichana wa kizungu, umati wa maelfu ukavunja kituo cha polisi ukawatoa ukawanyonga kwenye nguzo ya taa. Picha zikauzwa kama kadi za posta. Hakuna mtu aliyefungwa kwa mauaji, watatu tu walifungwa kwa fujo. Miaka 83 mji ulinyamaza, 2003 ndo wakajenga ukumbusho, ukuta mkubwa wenye maneno na sanamu za hao watatu zimetoka ukutani. Nilifika asubuhi, kuna mtu alikuwa ameweka maua mabichi kwenye mkono wa mmoja. Unasimama nao uso kwa uso, ni vijana wadogo kabisa, umri wa bodaboda wetu.

Jumba la Glensheen ni la tajiri wa madini, lilijengwa 1905 mpaka 1908, vyumba 39, liko ziwani, zuri sana ndio, na watu wengi wanaenda kwa sababu 1977 kulitokea mauaji mle ndani, mama mzee mwenye nyumba na nesi wake. Waongozaji wanakutembeza zaidi fanicha na historia ya familia. Mi niliona masaa mawili ya makabati yananitosha mwaka mzima. Akwariamu ya samaki wa maziwa ipo, peleka watoto. Bob Dylan mwanamuziki alizaliwa mji huu 1941 na kuna mtaa una jina lake, kama unampenda utaufurahia, kama humjui ni mtaa tu.

Kuvuka kwenda Superior

Watu wa Duluth watakuambia Superior hamna kitu. Usiwasikilize, wanaringa kwa sababu wao wana kilima, Superior ni tambarare, ina reli na maghala ya nafaka na watu wasiojali umevaa nini. Mi nilipapenda, pamekaa kama Igogo hivi, sehemu ya watu wa kazi.

Vuka kwa daraja la Bong, lilifunguliwa 1985, lina kona kama herufi S na urefu wa kilomita 3 na nusu hivi, kwa hiyo sisi wa Kigongo–Busisi hatushtuki sana, tumefika nao hapo. Jina ni la rubani Richard Bong, kijana wa kijiji cha jirani aliyetungua ndege 40 kwenye vita kuu ya pili, rekodi ya Marekani mpaka leo, akafa akijaribu ndege mpya tarehe 6 Agosti 1945, siku ileile ya bomu la Hiroshima. Kuna makumbusho yake upande wa Superior, ndege ya aina yake iko ndani.

Alafu nenda Barker's Island ukaone SS Meteor. Hii imejengwa hapohapo Superior mwaka 1896, ni ya mwisho iliyobaki duniani ya aina ya meli zenye mgongo wa duara, ikiwa majini imejaa mzigo unaona mgongo tu kama kiboko aliyezama nusu, na wao wenyewe jina lao la hiyo aina linamtaja nyangumi. Mtu wa kwanza kumuonyesha picha nikirudi alisema "hii ni pipa." Karibu na hapo kuna jumba la Fairlawn la 1891, vyumba 42, lilikuwa la tajiri wa mbao, alafu toka 1920 mpaka 1962 likawa kituo cha watoto yatima. Ukilinganisha na Glensheen mi nachagua hili, bei nafuu na ile historia ya watoto imeligeuza kuwa nyumba ya watu.

Sehemu ambayo ningerudi kesho ni Wisconsin Point. Ule ulimi wa mchanga wa Duluth na huu wa Superior kwa pamoja ni kama kilomita 16, na panapokatika katikati ndo ule mlango wa asili wa meli. Hamna hoteli, hamna duka, ni miti ya misonobari, mchanga na taa ya meli ya 1913 mwishoni. Waojibwe walizika watu wao pale, utakuta mahali palipokuwa na makaburi watu wameacha vitu vidogo vidogo, pita kwa heshima usiguse. Beba maji na chakula, na dawa ya mbu, mbu wao hawana malaria ila wana njaa.

Kuogelea? Hakuna mamba, hakuna kiboko, hakuna kichocho. Kinachoua pale ni baridi na mikondo. Maji ya ziwa kwa wastani ni nyuzi 4, mwezi wa saba ufukweni niliingia mpaka magotini nikahesabu mpaka ishirini nikatoka miguu siisikii. Agosti Park Point panaogeleka, ila angalia bendera, ikiwa nyekundu kaa mchangani maana mkondo unavuta kwenda ndani.

Ukiwa na gari

Upande wa Superior, kama kilomita 20 kusini, kuna Big Manitou, maporomoko ya mita 50, marefu kuliko yote Wisconsin, maji yana rangi ya chai ya rangi kabisa kwa sababu ya mizizi na majani ya huko yanakotoka. Gari linalipiwa getini. Upande wa Duluth fuata barabara namba 61 kaskazini mashariki, ziwa kulia kwako, utafika Gooseberry Falls, bure, alafu mbele kidogo mnara wa taa wa Split Rock uliokaa juu ya jabali, ulianza kazi 1910 baada ya ile dhoruba ya Mataafa. Kila tarehe 10 Novemba wanauwasha kwa ajili ya wale 29 wa Fitzgerald. Njiani simama ufukwe wowote wa mawe, tafuta kijiwe chenye mistari myekundu na ya maziwa, akiki ya Ziwa Superior. Kilowanishe ndo utaona mistari.

Kula

Samaki wa moshi. Wanavuta moshi samaki aina ya trauti na samaki mweupe wa ziwani, wanakuwekea kwenye mkate, Canal Park kuna Northern Waters Smokehaus foleni inatoka nje. Ni mlaini, wa chumvi na sukari kidogo, sio mkavu kama wetu wa kubanika. Kula pia supu ya mchele wa porini, mweusi mrefu, Waojibwe wanauvuna kwa mitumbwi kwenye maziwa madogo, mmoja anasukuma mtumbwi mwingine anapiga masuke na vijiti viwili yanamwagikia ndani. Superior nenda Anchor Bar kwa baga, bei ya kirafiki. Ugali sahau, labda ubebe unga kutoka maduka ya Wasomali Minneapolis kabla hujapanda basi, na mi michembe yangu niliyotoka nayo Mwanza iliisha wiki ya pili, mdogo wangu aliificha.

Bakshishi kwenye mgahawa wa kukaa weka asilimia 15 mpaka 20, ni sehemu ya mshahara wa mhudumu, usijifanye hujaona.

Na ukifika mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei kama mimi, uliza kama smelt wameanza kupanda. Ni visamaki vyembamba vya fedha, urefu wa kiganja, vinakuja ufukweni na kwenye midomo ya mito usiku kutaga. Hiyo ndo stori niliyomalizia kwa mjomba. Nilimuonyesha meli, akatingisha kichwa akasema "haya." Nikamuonyesha daraja, akasema "haya." Nikamwambia mjomba na dagaa wao wapo, tulienda Park Point saa nne usiku na rafiki zake mdogo wangu, watu wamevaa maovaroli ya mpira mpaka kifuani, wawili wanaingia majini na wavu mfupi, mmoja anabaki huku mwingine anazunguka, wanavuta mpaka mchangani, ndoo inajaa, wengine wamewasha moto wanakaanga hapohapo na unga unakula na kichwa chake.

Mjomba akakaa sawa. Akaniuliza wanavuta kutoka majini mpaka mchangani? Nikamwambia ndio. Mmoja amesimama mwingine anazunguka? Ndio mjomba, na ni halali, wavu usizidi futi 25 tu.

"Hilo ni kokoro," akasema, yaani ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku huku kwetu. "Na Bwana Samaki wao alikuwa wapi?"